Je, Wajua? Kwa Nini Mhudumu wa Misaada Hukatazwa Mapenzi na Mlengwa Hata Wanapokuwa Wameridhiana

Kijana wa Dar es Salaam anayepata ajira katika shirika la misaada, pengine baada ya kuzungusha barua za maombi katika ofisi za Masaki na Mikocheni kwa muda mrefu, huwekewa mezani makaratasi kadhaa ya kusaini kabla hajapangiwa kituo cha kazi Kibondo au Kasulu. Mkataba husomwa kwa makini, hasa penye mshahara na posho ya kujikimu. Karatasi ya kanuni za maadili husainiwa upesi, na wengi hushtuka baadaye wanapoelezwa katika semina kwamba wameahidi kutokuwa na uhusiano wa kimapenzi na mlengwa, yaani mtu anayepokea huduma za shirika lao. Kuhusu watoto hakuna anayebisha. Lakini mtu mzima na mtu mzima mwenzake, wasiolazimishana, shirika linawaingilia kwa lipi?

Swali hilo ni halali, na jibu lake linaanzia kwenye orodha ya mgawo.

Katika kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma, zilizopokea wakimbizi kutoka Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaya nyingi zimekuwa zikitegemea unga, maharage, mafuta na sabuni zinazogawiwa. Ukichunguza utaratibu wa ugawaji popote pale, utaona kwamba kati ya ghala na chungu wamesimama watu wengi: anayeandikisha kaya, anayehakiki kadi, anayepima kwa kopo, anayepanga foleni langoni, dereva wa lori, mpagazi. Kila mmoja ameshika kitu kidogo. Anayepima anaweza kulijaza kopo mpaka likafanya kichuguu, au akalipangusa chini ya ukingo. Anayehakiki anaweza kusema jina halionekani, mama arudi mgawo ujao. Hakuna kati ya hayo kinachoacha alama kwenye karatasi, lakini kwa mama mwenye watoto watano ndiyo tofauti ya kula au kulala njaa juma la mwisho la mwezi. Mtu wa namna hiyo anapomwambia mama huyo kwamba jioni atapita kumsalimia, mama anajua vyema kukubali kutampa nini na kukataa kutamgharimu nini. Akikubali, hakulazimishwa kwa nguvu. Hata hivyo, kukubali kwake hakuwezi kutenganishwa na kopo.

Waraka uliotolewa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, tarehe 9 Oktoba 2003, unaliweka jambo hilo katika lugha ya sheria: unyonyaji wa kingono ni kitendo chochote cha kutumia vibaya, au kujaribu kutumia vibaya, udhaifu wa hali ya mtu, tofauti ya madaraka au imani aliyopewa mtendaji, kwa madhumuni ya ngono. Tafsiri hiyo haiulizi kama palikuwa na mabavu, na wala haihitaji tendo lenyewe liwe limetimia. Inatofautiana pia na unyanyasaji wa kingono baina ya wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe ofisini, ambao una kanuni zake, ingawa kwenye semina mambo haya mawili huchanganywa mno.

Waraka huo ulitanguliwa na aibu kubwa. Mwaka 2002, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na tawi la Uingereza la shirika la watoto la Save the Children walitoa taarifa juu ya wakimbizi wa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watu wapatao 1,500, watoto kwa wakubwa, walikuwa wamehojiwa, na majina ya watu 67 kutoka mashirika yapatayo 40 yakatajwa katika tuhuma za kudai ngono, hasa kwa wasichana, ili watoe chakula, mafuta ya kupikia, maturubai au dawa. Uchunguzi uliofuata wa Umoja wa Mataifa haukuweza kuthibitisha sehemu kubwa ya tuhuma hizo, jambo ambalo watetezi wa mashirika walilishika kwa mikono miwili. Lakini uchunguzi huohuo ulikiri kwamba tatizo lipo. Kwa maoni yangu, ugumu wa kuthibitisha ni sehemu ya maelezo ya tatizo lenyewe, kwa kuwa shahidi mkuu ndiye yule ambaye mgawo wake uko mikononi mwa mtuhumiwa.

Mwaka huohuo wa 2002, kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada ilipitisha kanuni kuu sita. Kwa ufupi, unyonyaji wa kingono ni kosa kubwa la kinidhamu linaloweza kumfukuzisha mtu kazi; ngono na mtu aliye chini ya miaka 18 ni marufuku bila kujali umri wa kuridhia katika sheria za nchi, na kusema hukujua umri wake si utetezi; kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma ili kupata ngono ni marufuku; mwenye shaka juu ya mwenzake lazima atoe taarifa; na viongozi wana wajibu wa kujenga mazingira yanayozuia maovu haya. Kanuni iliyobaki ndiyo yenye mvutano. Awali ilisema tu kwamba uhusiano wa kimapenzi baina ya mhudumu na mlengwa haushauriwi hata kidogo. Iliporekebishwa mwaka 2019, ilipiga marufuku uhusiano wowote unaohusisha matumizi mabaya ya cheo au nafasi. Mashirika mengi hayakutaka kuingia katika kazi ya kupima ni penzi lipi limetumia cheo na lipi halikutumia, hivyo yakakataza yote katika kanuni zao wenyewe. Ni uamuzi mkali, na bila shaka huwaumiza wachache waliopendana kweli. Ila anayeupinga atueleze ni nani atakayekaa kuhukumu mapenzi ya kila mwenye kopo.

Msomaji wa Tanzania hana sababu ya kuona haya ni mageni, kwani jambo lenyewe tunalifahamu kwa jina la rushwa ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo. Tunaposema mkono mtupu haulambwi, huwa tunamcheka mpenda hongo. Lakini tufikirie pia mikono ambayo kweli ni mitupu, isiyo na noti ya kupenyeza, kwa sababu mwenye mikono hiyo ndiye anayedaiwa mwili wake.

Wala si lazima kusafiri hadi Kigoma. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na familia za Jangwani na sehemu nyingine za bonde la Msimbazi zikahifadhiwa mashuleni kabla ya nyingi kupelekwa Mabwepande, ambako zilianza maisha ndani ya mahema. Sisemi kwamba unyonyaji ulitokea huko. Nasema kwamba maafa ya mjini huzaa orodha vilevile: nani alifikwa na maji na nani amejipenyeza, nani ni mwenye nyumba na nani mpangaji, nani apewe godoro leo na nani asubiri. Orodha hiyo huandikwa na wanadamu, mara nyingi usiku, chini ya taa ya simu, na anayeiandika huwa na nguvu ambayo juma lililopita hakuwa nayo.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kupunguza kile ambacho mtu mmoja anaweza kutoa au kunyima akiwa peke yake. Orodha ibandikwe au isomwe mbele ya watu pale ambapo kufanya hivyo hakuhatarishi usalama wao. Kiasi cha mgawo kitangazwe kabla ya siku yenyewe, na bango kubwa liseme kwamba misaada ni bure na hailipiwi kwa fedha, kazi wala mwili. Wapimaji wawe wawiliwawili, mwanamke akiwamo, na wabadilishwe vituo. Mambo ya majengo nayo yana uzito kuliko watu wanavyodhani: viwango vya kimataifa vya huduma za dharura vinataka choo kimoja cha pamoja kisizidi watu 20, kiwe ndani ya mita 50 kutoka makazi na kiwe na komeo la ndani, kwa sababu binti anayetembea gizani kutafuta choo yumo hatarini hata kama kila mhudumu ana maadili ya malaika. Hali ni hiyohiyo kwa mwanamke anayelazimika kwenda mbali porini kutafuta kuni. Ukiniuliza, fedha inayotumika kwenye semina ya tatu ya maadili ingefaa zaidi kununua taa na makomeo.

Kinga ya pili ni njia ya kulalamika, na hapa mashirika mengi hujidanganya. Sanduku la maoni huning'inizwa ukutani karibu na mlango wa ofisi, likafunguliwa mwisho wa mwezi na kukutwa na ombi la mpira wa vijana, kisha taarifa ikaandikwa kwamba hakuna malalamiko. Mwanamke asiyejua kuandika atalitumiaje? Anayejua kuandika ataliendeaje mchana kweupe, ikiwa mshika ufunguo huenda akawa ndiye mlalamikiwa? Zinahitajika njia kadhaa kwa pamoja, kama vile simu isiyo na gharama, wanawake wa jamii wenyewe waliofunzwa kupokea taarifa, na uwezekano wa kulipeleka lalamiko la shirika moja katika shirika jingine. Zaidi ya yote, aulizwe kwanza mlengwa: ungepatwa na jambo, ungemwambia nani? Mara nyingi jibu lake halimo kabisa kwenye mpango wa mradi.

Mfanyakazi mwenye shaka hatakiwi kupeleleza. Wajibu wake ni kupeleka taarifa kwa wahusika na kufunga mdomo kwa wengine. Manusura akihojiwa na kila mpita njia, siri huvuja, mtuhumiwa huonywa, na manusura mwenyewe huumizwa upya. Cha haraka ni afya yake: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Nchini kwetu zipo pia fomu ya polisi ya PF3, Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na Vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali, ambavyo hukutanisha tiba, ushauri nasaha na msaada wa kisheria mahali pamoja.

Yote haya yanaweza kuandikwa vizuri na bado yakashindwa. Wakati wa mlipuko wa Ebola mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020, wanawake waliahidiwa kazi kwa sharti la ngono, au walitishiwa kuachishwa kazi wakikataa. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa taarifa yake Septemba 2021 ikitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe. Hapakuwa na kopo la unga. Ajira ya muda ndiyo iliyokuwa mgawo, katika eneo ambalo kazi ya mshahara ni adimu.

Baada ya kashfa ya wafanyakazi wa shirika la misaada la Oxfam walionunua ngono nchini Haiti kufuatia tetemeko la 2010, iliyofichuliwa na gazeti la Uingereza mwaka 2018, mashirika yalianzisha mwaka 2019 mpango wa kuulizana: mwajiri mpya humwandikia mwajiri wa zamani kutaka kujua kama mwombaji alipatikana na kosa la kingono katika kipindi cha angalau miaka mitano iliyopita. Mpango huo unasaidia kuziba njia ya mtu kufukuzwa kimyakimya huku na kupokelewa kwa heshima kule. Unamhusu, hata hivyo, mwenye mkataba na mwajiri wa kuulizwa. Mpagazi wa siku moja, dereva wa lori la kukodi na kijana wa kujitolea aliyepewa fulana na daftari la majina asubuhi ya mafuriko hawana barua ya utumishi ya kufuatilia, nao ndio wanaosimama karibu zaidi na foleni.