Kabayan na foleni ya mwisho wa mwezi

Nikirudi Tanga likizo watu wanajua nimekaa Dubai miaka kumi na kitu wanadhani nauza dhahabu, hapana jamani, mie nilikuwa nakaa nyuma ya kioo pale Deira napokea dirham za watu natuma kwao, nilianza kaunta 2012 na siku hizi niko ofisi ya nyuma nakagua miamala. Nimehudumia Wahindi, Wapakistani, Waethiopia, ndugu zetu Wakenya, ila walionifundisha hii kazi ni Wafilipino. Pale mjini kila mtu anawaita kabayan, kwa lugha yao maana yake mwenzetu wa nchi moja, hata mie na uso wangu huu wa Kidigo nikiita "kabayan!" foleni inasogea bila mtu kushangaa.

Sasa mtu akiniuliza Wafilipino wanatumaje hela anategemea nimtajie kampuni yenye makato madogo. Na mie ndo nilivokuwa nafikiri mwanzoni, mpaka siku alipokuja ate mmoja (ate ni dada mkubwa, ukimwita hivo mwanamke wa Kifilipino umemheshimu), yaya wa nyumbani kwa watu, mshahara wake kama dirham 1,500 hivi. Hiyo 1,500 haikutoka hewani, serikali yao iliweka mwaka 2006 kwamba mfanyakazi wa ndani asilipwe chini ya dola 400 kwa mwezi, na dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, piga hesabu utaipata. Kaja na kikaratasi kimekunjwa mara nne: 600 kwa mama akachukue taslimu duka la rehani, 300 kwa dada anayemlelea mtoto, naye achukue taslimu ila mji mwingine, 200 kwenye akaunti ya benki. Miamala mitatu, makato mara tatu. Mie nikajifanya mjanja, nikamwambia ate, tuma zote benki mara moja, unajiokolea makato ya mara mbili. Akaniangalia kama anaangalia mtoto. Akasema, "Sir, ile kadi ya benki anayo mume wangu."

Basi, nikamwandikia mitatu yake. Toka siku hiyo nikaanza kuangalia foleni kwa jicho jingine, anayechagua njia ya kutuma si yule aliesimama kwenye kioo, ni yule anayepokea kule. Mama yuko kijijini benki iko mbali lakini duka la rehani liko kando ya soko, na lile duka analijua toka zamani manake hereni zake zimelala mle mara ngapi sijui. Ndo maana Cebuana Lhuillier, M Lhuillier na Palawan, ambao kazi yao ya asili ni kuweka rehani za watu, wamekuwa wakubwa kwenye hii biashara. Kwetu ukitaja rehani mtu anaona aibu, kule ni sehemu ya kawaida kabisa, mtu anaingia na namba ya muamala na kitambulisho, anatoka na peso zake.

Na hela yenyewe haisafiri, hii watu wengi hawaielewi. Dirham ulizonipa zinabaki Deira. Kampuni inakuwa imeshaweka peso zake kwenye benki Manila, kinachoruka ni ujumbe tu, kwamba mlipeni fulani kiasi fulani, halafu sisi na wao tunalipana baadae kwa mkupuo, kwa dola, na dola nyingi zinapita kwenye mabenki ya Marekani. Hapo utaelewa kwa nini takwimu za benki kuu yao, Bangko Sentral ng Pilipinas, zinaonyesha kama asilimia 40 ya hela inatoka Marekani. Kweli Wafilipino wa Marekani ni wengi na wana vipato, lakini wenyewe benki kuu wanasema kabisa kwamba hela ikipitia benki ya kule inahesabika imetoka kule hata kama aliyeituma anafua nguo Kuwait. Kwa mwaka 2024 zilizopita kwenye mabenki zilikuwa dola bilioni 34.49. Ukisoma hizo namba ujue ndani yake kuna ate na mia sita yake.

Haya, makato. Watu wanagombana na makato yaliyoandikwa ukutani, dirham ishirini na kitu, wanazunguka mtaa mzima kutafuta pa kumi na tano, na wizi wenyewe (sawa nisiseme wizi, mie mwenyewe nimekula mshahara wa hiyo kazi) uko kwenye reti, yaani bei ya kubadilishia hela. Mfano, soko linasema dirham moja ni peso 15.50, ubaoni kwetu imeandikwa 15.30. Ukituma 1,000 mama anapata 15,300 badala ya 15,500, zile 200 za peso ni kama dirham 13 zimekatwa na wala hazipo kwenye risiti kama makato. Ukiona bango la "tuma bure" kimbilia kwenye reti kwanza. Mabinti wa saluni za Satwa walikuwa wajanja kwenye hili, hawakuulizi makato, wanakuuliza swali moja tu, nikitoa elfu moja kamili mfukoni, na makato humohumo, mama anashika ngapi mkononi? Hilo ndo swali, na karani asiyekujibu kwa namba moja achana nae.

Peso ikishuka kwao ni kilio kwa anayenunua mchele na sherehe kwa anayetuma. Oktoba 2022 peso ilifika 59 kwa dola moja, haijawahi kuwa chini vile kabla, na dirham ikaenda kwenye 16, aisee ile foleni, watu wametoa akiba, wengine wamekopa ili wawahi reti. Na kukopa ndo balaa lenyewe manake kule wana mkopo unaitwa 5-6, unachukua tano unarudisha sita, sisi Bongo tungeuita kausha damu na tukaelewana. Foleni nyingine ni ya Krismasi ambayo kwao inaanza Septemba, sitanii, mwezi wowote kwa Kiingereza ukiisha na "ber" wao wako Krismasi tayari.

Ofisi ya nyuma ndo nimekutana na paluwagan. Mfumo unawasha taa nyekundu, mtu mshahara 1,500 na leo katuma 5,000, unampigia simu atoe maelezo. Nilimpigia mmoja yeye sauti inamtetemeka, sir ni paluwagan sir, leo zamu yangu, tuko kumi kila mtu anatoa 500 kwa mwezi. Mwenzangu wa meza ya jirani hakuelewa hata neno, mie nilicheka manake mama yangu Ngamiani pale kacheza mchezo maisha yake yote, na tumejengewa vyumba viwili vya uani kwa hela za upatu, kijumbe wake tulikuwa tunamuogopa kuliko mwalimu mkuu. Nikamuomba anitumie picha ya daftari lao la majina na tarehe, nikaliambatanisha, muamala ukapita.

Majina sasa, hapo ndo utalia. Mfilipino jina la kati ni ukoo wa mama yake, la mwisho ni la baba, akiolewa ule ukoo wa baba unasogea katikati na la mume linakaa mwisho, kwa hiyo mtu mmoja ana karatasi za majina mawili. Halafu "Maria" wengi wameandikishwa toka cheti cha kuzaliwa kama "Ma." na nukta yake, ukimwandika Maria kwa heshima yako mama wa watu anafika dirishani anaambiwa jina halilingani. Na lile herufi lao la ñ, mashine yetu ilikuwa inalikataa kabisa. Koo pia ni zilezile manake mwaka 1849 gavana wa Kihispania, Narciso Clavería, aliagiza watu wachukue majina kutoka kwenye orodha moja iliyoandaliwa, sasa ukichuja jina dhidi ya orodha ya wanaotafutwa duniani unapata watu kibao wasio na hatia, kila mmoja lazima umkague kwa tarehe ya kuzaliwa, na huku ate anasubiri, na mtoto kule anasubiri ada.

Usidhani haya mambo ya kutuma yalitokea tu kwa mapenzi ya familia. Serikali ndo ilipanga. Rais wao wa zamani Ferdinand Marcos, yule baba, alitoa sheria ya kazi mwaka 1974 ikafanya kupeleka watu nje kuwa mpango wa taifa, halafu 1982 akatoa agizo namba 857 kwamba kila aliye nje lazima arudishe sehemu ya mshahara kupitia mabenki yao, wafanyakazi wa ndani asilimia 50, mabaharia 80, usipotii pasipoti haihuishwi. Mayaya wa Hong Kong wakagoma kimaneno, wakaunda umoja wao 1984, na mwaka uliofuata zile adhabu zikafutwa. Rais aliyefuata, Cory Aquino, akaenda hukohuko Hong Kong 1988 akawaita mashujaa wapya. Kutoka kutishiwa pasipoti mpaka ushujaa, miaka sita tu, hela ileile.

Nimeona na mimi ushujaa wenyewe ulivo mzito. Novemba 2013 kimbunga Yolanda, ambacho dunia inakiita Haiyan, kilipopiga Tacloban, kampuni kadhaa ziliondoa makato, sawa, lakini wateja wangu walikuwa wanalia pale kwenye kioo si kwa sababu ya makato, hela wanayo mkononi na pa kuchukulia hapapo, umeme hakuna, duka limeenda na maji. Wakawa wanatuma kwa binamu Cebu, binamu ananunua mchele, anapanda boti. Na mwaka wa korona, 2020, wataalamu walitabiri hela za wahamiaji zitaporomoka dunia nzima, za Ufilipino zilipungua asilimia 0.8 tu. Mie sikushangaa, nilikuwa nawaona, mtu kapunguziwa nusu mshahara anakula noodles na katuma vilevile.

Wa Afrika Mashariki huwa mnaniuliza, kwani hawana M-Pesa yao? Wanayo, tena walitutangulia, GCash ilianza 2004 na M-Pesa ya Kenya 2007. Ila kwa miaka mingi haikukamata kama kwetu, manake wao tayari walikuwa na lile duka la rehani kila kona na vile viduka vya sari-sari, ambavyo ni kama duka la Mangi, sabuni ya kupima na sigara ya mojamoja. Korona ndo iliwasukuma watu kwenye simu. Siku hizi foleni yetu imekuwa fupi, vijana wanatuma wamelala kitandani, na yale maduka ya sari-sari yanatoa hela kama mawakala wetu. Na bado nikikagua miamala naona ileile ya mitatu mitatu, 600, 300, 200, simu imebadilisha kidole tu.

Wale mabaharia niliowataja, asilimia 80 yao haikufutwa, ipo kwenye mkataba hadi leo, kampuni ya meli inakata juu kwa juu inaingiza kwa mtu aliyeandikishwa, mara nyingi mke. Siku moja kaingia mmoja, meli yao iko bandari ya Jebel Ali, ana saa chache, kavaa ovaroli bado, kaweka kitabu chake cha ubaharia na noti za dola zimekunjwa kwenye soksi kabisa. Dola 150, kwa mwanamke, mji mdogo kisiwa cha Panay, achukue taslimu duka la rehani. Fomu ina sehemu ya uhusiano, nikamuuliza kuya (ni kaka mkubwa, kama ate kwa wanawake), huyu nani kwako? Akasema mama. Akageuka akaangalia mlango, akainama karibu na kioo, "sir, hiyo ujumbe wa simu, uende kwa mama tu, usije ukaenda na nyumbani."