Je, wajua kwa nini breki ya baiskeli haishiki mvua ikinyesha?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja, na nililitoa kijiweni kwa kujiamini kuliko wote: tairi huteleza juu ya maji. Lami imelowa, tairi la baiskeli ni jembamba, basi linaelea kama ngalawa. Ubane breki usibane, unakwenda tu. Dawa yake nilikuwa nayo pia. Nikiona wingu limetanda upande wa baharini, napunguza upepo kwenye matairi yote mawili ili "yashike chini".

Jumapili moja ya mwezi Mei tulitoka watatu, Chumbageni kwenda Amboni, bila shughuli yoyote, matembezi tu. Mvua ilitukuta njiani na hatukugeuka. Aliyewahi kuendesha baiskeli Tanga kwenye mvua ya masika atanielewa: joto limeondoka, vumbi limelala, na anayekuona anakucheka kwa upole. Kwenye kiteremko kimoja nikabana breki zote mbili. Zilibanika vizuri kabisa, mpaka mwisho, na baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo. Nilichomoa mguu, nikaburuza kandambili, kandambili ikakatika kigingi, nikamalizia mtaroni.

Mtaro ulikuwa na maji na nyasi, kwa hiyo sikuumia. Ila tyubu ya nyuma ilikuwa na matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama aliyeumwa na nyoka. Hilo tairi nililolipunguza upepo lilikuwa limepiga jiwe, ringi ikaibana tyubu. Dawa yangu ilikuwa imenitoboa.

Kesho yake nikaikokota hadi kwa fundi wangu wa Ngamiani. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya kuelea. Akaichukua baiskeli yangu, ile Phoenix, akaimwagia maji kidogo kwenye gurudumu la mbele.

"Pitisha dole gumba hapa," akaniambia, akionyesha tairi. Nikapitisha. Kidole kilikwama kwama.

"Haya, sasa hapa." Kwenye ringi. Kidole kikaenda kama kilichopakwa mafuta.

"Kwani wewe breki yako inabana tairi au ringi?"

Hapo nikanyamaza.

Habari ya kuelea nitaikalia kidogo, maana ndiyo niliyoibeba muda mrefu na najua siko peke yangu. Tairi kuelea juu ya maji ni jambo la kweli. Magari yanaelea, ndege zinaelea. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa wakichunguza ndege zinazotua kwenye njia zilizojaa maji, walichapisha kanuni ya kukadiria kasi ambayo tairi huanza kunyanyuka. Kinachoshangaza ni kwamba kanuni hiyo haiulizi uzito wa chombo. Inauliza upepo uliomo ndani ya tairi, kisha inachukua kipeuo chake cha pili. Ukitaka kasi ya kuelea iwe mara mbili, upepo lazima uwe mara nne.

Sasa piga hesabu kwa baiskeli ya kawaida iliyojazwa paundi 40 kwa inchi ya mraba. Jibu ni kama kilomita 105 kwa saa. Kwa mwendo huo, kutoka Chumbageni hadi Amboni ningetumia dakika tano au sita, na ningewapita watu wa bodaboda wakiwa wamepigwa na butwaa. Mimi nilikuwa kwenye 15, labda 20 kwa ule mteremko.

Tena kanuni yenyewe ilitokana na matairi mapana ya ndege na magari, ambayo hulala chini kama kiganja. La baiskeli ni la duara na jembamba, linapasua maji kama omo ya mashua, kwa hiyo kuelea kwake ni kugumu zaidi hata ya hiyo 105. Namba hiyo ichukuliwe kama makisio ya chini.

Na ile dawa yangu? Paundi 40 zikishuka hadi 20, kasi ya kuelea inashuka hadi kama 75. Yaani kama kuelea kungekuwa ndiyo tatizo, mimi nilikuwa nikilisaidia tairi lielee. Niseme pia, kwa haki, kwamba tairi lenye upepo pungufu kidogo hutulia vizuri zaidi kwenye matope na mchanga, na nadhani imani yangu ilianzia huko, kwenye njia za vichochoroni. Nikaihamishia kwenye lami bila kuiuliza.

Hata meno ya tairi, ambayo wauzaji huyasifia sana, kazi yake kubwa iko kwenye udongo laini. Kwenye lami iliyolowa baiskeli haina maji mengi ya kuyakimbiza kupitia mifereji ya meno. Tairi lenyewe limeshayasukuma pembeni.

Turudi kwenye kidole cha fundi. Mpira ni ule ule, maji ni yale yale. Kwa nini kwenye lami unakwama na kwenye ringi unateleza?

Nenda ufukweni Raskazone maji yakiwa yamejaa nusu. Vichwa vya miamba vimebaki nje, na mtoto mwepesi anaweza kuruka kutoka kimoja hadi kingine asiloweshe miguu. Maji yapo, tena mengi, lakini yamekaa mabondeni. Sasa wazia mahali penye mchanga uliolala bapa. Maji ya kimo cha kifundo tu yanatosha kufunika kila kitu, wala hapana pa kukanyaga pakavu.

Lami ni ile miamba. Ukiitazama kwa jicho la sisimizi, ni vilima vya kokoto na mabonde katikati. Mvua inajaza mabonde, tairi linakaa vileleni, na maji yaliyokandamizwa yana pa kukimbilia. Zaidi ya hapo, mpira una tabia ya kujibonyeza ukafuata umbo la kilima. Ili uteleze, lazima ubonyezwe na kuinuliwa kwa kila kilima unachopita, na kazi hiyo hula nguvu hata kama pana maji. Ndiyo maana tairi kwenye lami safi iliyolowa hubaki na zaidi ya nusu ya mshiko wake wa siku ya jua.

Ringi iliyopakwa kromu ni ule mchanga bapa. Imesuguliwa ili ing'ae, na kung'aa maana yake ni kutokuwa na vilima. Siku ya jua hilo halina shida, kwa sababu mpira una njia nyingine ya kushika: hugandana na chuma moja kwa moja, kwa kugusana. Utando mwembamba wa maji ukiingia katikati, huko kugusana kumekatika, na vilima vya kuokoa hali hakuna. Kandambili inayokutembeza salama kwenye lami ya mvua ndiyo hiyo hiyo inayokuangusha kwenye vigae vya bafuni.

Kuna na uovu wa ziada kwenye baiskeli zetu za kizamani zenye breki za vyuma, zinazovutwa kwa fito badala ya waya. Raba zake hazibani ubavuni mwa ringi; huvutwa juu zikakandamiza upande wa ndani, ule unaotazama katikati ya gurudumu. Kila sehemu ya ringi inapofika chini, upande huo unatazama juu, umekinga mvua kama kigae.

Mtu atasema: lakini raba si inafuta maji? Inafuta. Ila ni kama kudeki baraza huku mvua inapiga. Umefuta kipande, gurudumu limezunguka, kipande kimerudi kimelowa. Lazima ufute kwa kasi kuliko mvua inavyorudisha, na hilo huchukua mizunguko.

Mingapi? Vipimo vilivyofanywa chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, vilikuta kwamba raba za kawaida kwenye ringi ya chuma iliyolowa zilibaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya mshiko wake, na kwamba gurudumu lilizunguka kama mara 30 breki ikiwa imebanwa kabla mshiko haujaanza kurudi, kisha kama mara 20 nyingine hadi urudi wote. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Mara 30 ni mita 66 au 67. Mara 50 ni zaidi ya mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Kile kiteremko changu hakikuwa na urefu huo.

Tahadhari kidogo hapa. Ule ulikuwa mtambo wa maabara, na raba zilikuwa za zama zile. Za sasa nyingi ni bora. Kwa hiyo usichukue mizunguko 30 kama sheria ya kila baiskeli iliyoegeshwa Makorora. Ichukue kama sura ya jambo lenyewe: kwanza hakuna kitu, hakuna kitu, halafu breki inakuja ghafla. Huko kuja ghafla nako kuna hatari yake, kwa sababu wakati huo umeshakata tamaa na umezikaba kwa nguvu zote.

Ringi za alumini zina afadhali kubwa kuliko za chuma kilichopakwa kromu. Wazungu wa zamani walijaribu kubandika ngozi kwenye raba kwa ajili ya ringi za chuma, na ilisaidia. Waholanzi, ambao mvua kwao haina msimu, baiskeli zao nyingi zina breki iliyojificha ndani ya kitovu cha gurudumu, ama unaibana kwa kurudisha pedeli nyuma. Mvua haiifikii kirahisi. Na zile baiskeli za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, nyingi zina breki ya nyuma iliyofungwa kwenye kidude cha duara pembeni mwa gurudumu. Hupiga kelele kama mbuzi aliyefungwa, lakini mvua hazijali sana. Kwa miaka nilizidharau.

Fundi wangu huchonga raba za breki kutoka matairi ya gari yaliyochakaa. Nimezifunga, na naona zinashika vizuri kuliko za dukani. Ila "naona" ya mtu aliyezinunua si kipimo.

Isije ikaeleweka kwamba tairi haliwezi kuteleza kabisa. Linateleza pale barabara yenyewe inapogeuka ringi: mistari ya rangi ya kivuko, vifuniko vya chuma, na zaidi ya vyote reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na mpaka leo imepita kati ya Ngamiani na mjini, kwa hiyo watu wa huku tunaijua. Ni chuma kilichosuguliwa na magurudumu mpaka kikang'aa. Ukiivuka kwa kuinyoosha, umepita. Ukiivuka kwa mshazari siku ya mvua, unapiga mwereka huku watu wanakutazama.

Na kuna zile rasharasha za kwanza baada ya kiangazi. Vumbi, mafuta ya magari na unga wa matairi vimekaa kwenye mabonde ya lami kwa wiki kadhaa. Maji kidogo huvikoroga vikawa uji, na uji huo unafunika hata vilima. Mvua kubwa ikija inausafisha. Takwimu za ajali za Marekani zimeonyesha kweli kwamba siku ya mvua huwa mbaya zaidi ikiwa imekuja baada ya ukavu wa muda mrefu. Hizo ni ajali za magari, na madereva waliosahau mvua nao wamo humo, kwa hiyo kuisingizia lami peke yake ni mapema. Hata hivyo, mimi manyunyu ya kwanza ya vuli huyatazama nikiwa barazani. Masika ya katikati, lami imeshaoshwa, natoka.

Nikitoka, tairi nimelijaza. Ninapokaribia kiteremko naanza kugusa breki mbali, kidogo kidogo, siyo kwa kusimama bali kwa kufuta. Na nasikiliza. Breki iliyolowa haina sauti. Raba inapita juu ya maji kimya kimya, na ukimya huo ndio ulionidanganya ile Jumapili. Utando unapoanza kukatika, mpira unashika, unaachia, unashika, unaachia, mara nyingi kwa sekunde, na ringi inaanza kulia. Kwanza mkwaruzo mdogo, halafu ule mlio wa kuudhi unaowafanya watu wa barazani wageuke. Majirani wanadhani baiskeli yangu ni mbovu.