Jarida la Ulimbwende na Swali la "Toleo Lipi?"

Mtu akisikia kwamba kuna jarida la ulimbwende, wazo la kwanza humpeleka kwenye mashindano ya warembo. Katika uhakiki wa fasihi, hata hivyo, neno hilo limepewa kazi nyingine: ni jina la mkondo wa fikra na sanaa uliotamba Ulaya tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi takriban miaka ya 1830, ambao waandishi wake walitukuza hisia za mtu binafsi, nguvu ya ubunifu na mandhari ya asili. Mapenzi yamo, lakini si kiini chake.

Mojawapo ya majarida makongwe ya kitaaluma kuhusu kipindi hicho ni Studies in Romanticism, lililoanzishwa mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, na ambalo hutoka mara nne kwa mwaka. Kama ilivyo desturi ya majarida ya aina hii, makala haichapishwi kwa sababu mhariri ameipenda tu. Hupelekwa kwanza kwa wasomi waliobobea katika fani hiyo, nao huipekua hoja kwa hoja. Huuliza kama hoja ni mpya na kama ushahidi unatosha. Huuliza pia jambo linalowashangaza wanafunzi wengi: mwandishi amesoma toleo lipi?

Chukua riwaya ya Frankenstein ya Mary Shelley. Ilitoka London tarehe 1 Januari 1818 katika juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi, na dibaji yake iliandikwa na mumewe, mshairi Percy Shelley, hata mwandishi wa riwaya Walter Scott alipoihakiki akadhani riwaya yote ni ya Percy. Mwaka 1831 Mary alitoa toleo la juzuu moja lililofanyiwa marekebisho mengi. Katika toleo la 1818, Elizabeth, mchumba wa mhusika mkuu Victor Frankenstein, ni binti wa shangazi yake Victor. Katika la 1831 ni yatima aliyelelewa na wakulima maskini wa Italia, asiye na undugu wa damu na Victor. Msomaji wa Pwani, aliyezoea ndoa za mabinamu, huenda asione kubwa hapo, lakini kwa mhakiki anayeandika kuhusu familia katika riwaya hiyo, hoja nzima inaweza kusimama au kuanguka kwa tofauti hiyo moja. Vilevile, Victor wa 1831 hulalamikia majaaliwa zaidi kuliko Victor wa 1818. Anayeandika "riwaya inasema" bila kutaja toleo hurudishiwa makala yake, na mimi naona ni haki.

Ushahidi huo huo wa maandishi ndio unaojibu uvumi kwamba Percy ndiye aliyeitunga. Daftari za mswada zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian, Oxford: mwandiko ni wa Mary kwa sehemu kubwa, na masahihisho ya Percy yanaonekana juu yake.

Kwa miaka mingi taaluma hii iliwazunguka wanaume sita tu, washairi wa Kiingereza: Blake, Wordsworth, Coleridge, Byron, Percy Shelley na Keats. Siku hizi uwanja umepanuka. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, alichapisha tawasifu yake London mwaka 1789, mwaka ule ule Blake alipotoa Songs of Innocence, na ni vigumu sasa kukieleza kipindi hicho bila kugusa utumwa na mapambano ya kuukomesha.

Makala nyingi za miaka ya nyuma zinapatikana kwenye JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Asiyezoea lugha ya wahakiki aanzie mwishoni mwa toleo la jarida, kwenye mapitio ya vitabu: ni mafupi, na ndimo wasomi husema waziwazi wanapopingana.