Simu ya mtumba: kioo utakiona, tarehe uiulize

Mama mmoja anayeuza vitenge alifika kwenye dawati letu la TEHAMA chuoni, simu ameifunga kwenye leso. "Kioo kizima, betri inakaa kutwa, sasa WhatsApp inanifukuzia nini?" Simu yenyewe ilikuwa safi kuliko yangu. Nikafungua Mipangilio, Kuhusu simu, nikatazama toleo la Android: 4.4. Tangu Oktoba 24, 2023 WhatsApp haihudumii Android iliyo chini ya 5.0. Hapo hakuna cha kutengeneza, fundi angemla hela bure.

Wengi hudhani programu hukaa kwenye simu milele kama injini kwenye gari. Ukweli ni kwamba mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha simu kama Android, huvuja. Kila mwezi hugunduliwa matundu mapya ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kupita, na Google hutoa viraka vya kuyaziba. Lakini mara nyingi kiraka hakitoki Google na kutua moja kwa moja kwenye simu yako. Aliyeitengeneza simu lazima akichukue, akioanishe na modeli yake, akijaribu, ndipo akitume. Kazi hiyo ina gharama, na pesa yako alishaipata siku uliponunua. Ndiyo maana simu za bei nafuu mara nyingi huachwa mapema. Yaliwakuta hata wenye vitochi vya 4G vinavyotumia mfumo wa KaiOS: WhatsApp iliwaaga mwanzoni mwa 2025, vibonyezo vikiwa bado vizima kabisa.

Anayenunua simu ya mtumba amezoea kupiga *#06# na kutuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, desturi iliyotuingia wakati simu bandia zinazimwa hapa Tanzania Juni 2016. Ni vizuri, ila ujumbe ule hautakwambia kama simu bado inahudumiwa. Palepale penye toleo la Android kuna mstari wa Sasisho la usalama, wenye tarehe. Usome mbele ya muuzaji. Ukikuta tarehe ya miaka mitatu nyuma, simu hiyo imeshasahauliwa na aliyeitengeneza. Mimi nisingeingiza humo programu ya benki.

Na hata zile zinazotangazwa kuwa na miaka mingi zina mtego wake. Pixel 8 ya Google ya 2023 na Galaxy S24 ya Samsung ya 2024 ziliahidiwa miaka 7 ya masasisho. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa modeli inapoingia sokoni, wala haingoji siku wewe ulipoinunua. Atakayeokota S24 ya mtumba mwaka 2029 atakuwa amebakiwa na miwili.

Umoja wa Ulaya umelivalia njuga jambo hili: tangu Juni 20, 2025 modeli mpya zinazoingia soko lake lazima ziendelee kupata masasisho kwa miaka 5 isiyopungua baada ya modeli kuacha kuuzwa. Kompyuta nazo zina tarehe zake: Windows 10 ilifikia ukomo Oktoba 14, 2025, na ofisi nyingi bado zinaitumia kama hazijasikia.

Si kila simu inayojivuta imezeeka, lakini. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, jambo ambalo wateja hawakuwa wameelezwa waziwazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikashusha bei ya kubadilisha betri Marekani kutoka dola 79 hadi 29. Fikiria waliokwisha nunua simu mpya kwa ajili ya betri tu! Kwa hiyo ikianza kujivuta, anza na betri.

Yule mama alinunua nyingine, tukamhamishia majina ya wateja kwa Bluetooth, maana hayakuwa kwenye laini wala kwenye akaunti ya Google. Wiki iliyofuata akarudi: mpya haina tundu la hedifoni, na redio ya FM ya simu hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ile ya zamani sasa iko kibandani kwake, waya umening'inia juu ya vitenge, inasoma taarifa ya habari.