Sasambua hadi Shikilia: utaratibu wa hospitali unaofaa nyumbani kwako

Ukiingia wodini au kwenye stoo ya dawa katika hospitali nyingi za umma Tanzania, utakuta ukutani bango lenye maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, yaani ondoa visivyohitajika, panga kila kitu mahali pake, safisha, weka utaratibu mmoja kwa wote, na uudumishe. Ni utaratibu wa S5 uliotokana na viwanda vya Japani, na Wizara ya Afya ilianza kuutumia mwaka 2007 katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya kabla ya kuueneza kwingine. Muuguzi anayehitaji kifaa cha kumsaidia mtoto mchanga kupumua hana muda wa kupekua droo moja baada ya nyingine. Akinyoosha mkono akipate, hata kama ni saa nane usiku na umeme umekatika.

Sisi tunaosimamia ubora wa huduma huwafundisha watumishi utaratibu huu, na natamani sana ufike majumbani, kwa sababu mengi yanayotufikia mapokezi huanzia kabatini, uvunguni au nyuma ya mlango wa jikoni.

Mfano ni mafuta ya taa. Yananunuliwa kidogo kidogo, yanatiwa kwenye chupa ya maji au ya soda, na chupa inawekwa chini karibu na jiko. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, chupa anaijua, anakunywa. Yakimpalia na kuingia kwenye mapafu, yanaweza kumletea nimonia kali. Wazazi kwa hofu humlazimisha atapike, na akitapika mafuta yanapata nafasi nyingine ya kuingia mapafuni. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa na umkimbize kituo cha afya. Ila bora lisitokee kabisa: mafuta ya taa, jiki, sumu ya panya na dawa za shamba zikae kwenye vyombo vyake vyenye lebo, zifungwe, ziwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Baada ya hapo nenda kwenye ule mfuko wa dawa. Karibu kila nyumba inao. Tandika khanga mezani umwage vyote: nusu dozi ya amoksilini, vidonge vya presha vya marehemu babu, sirapu iliyoganda mdomoni, matone ya macho ya mwaka juzi. Hiyo ndiyo Sasambua. Angalia tarehe za kuisha, lakini kumbuka kwamba tarehe iliyopigwa kwenye chupa ni ya dawa ambayo haijafunguliwa. Antibiotiki ya unga iliyochanganywa na maji kwa ajili ya mtoto kwa kawaida hudumu siku 7 tu nje ya friji, na matone mengi ya macho hayatumiki tena wiki 4 baada ya kufunguliwa. Soma maelezo ya kila dawa. Zisizofaa usizitupe jalalani ambako watoto huokota; peleka kwenye duka la dawa au kituo cha afya ukaulize utaratibu wa kuziteketeza. Zinazobaki zikae kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na dirisha linalopigwa jua na mbali na joto la jiko. Mwenye presha au kisukari awe na kopo lake peke yake, ili akilifungua ajue kama ya leo ameshameza.

Pembeni ya kopo hilo weka bahasha moja yenye kadi ya kliniki ya mtoto, kadi za bima na vyeti vya matibabu. Mtoto akipata degedege usiku, familia isianze kugeuza magodoro kutafuta kadi.

Utaratibu huu unagusa pia akili, hasa ya mama. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti wa UCLA, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanandoa wenye watoto huko Los Angeles. Wanawake walioeleza nyumba zao kuwa zimevurugika na zina kazi zisizokwisha, kotisoli yao, homoni inayohusiana na msongo, haikushuka vizuri kuelekea jioni kama inavyotakiwa, na nyoyo zao zilizidi kuwa nzito kadiri siku ilivyosonga. Sioni ugumu kuwaelewa. “Mama, soksi iko wapi?” “Mama Neema, funguo umeziona?” Maswali yote yanaelekea kichwa kimoja, tangu alfajiri. Funguo zikiwa na msumari wake unaojulikana na wote, swali hilo linakufa.

Najua wengi wanaishi chumba kimoja cha kupanga. Huko ndiko utaratibu huu unakolipa zaidi. Hospitalini, kifaa kisichojulikana kama bado kina kazi huwekewa kadi nyekundu na kutengwa kwa muda. Nyumbani, vitu vya namna hiyo vitie kwenye gunia, andika tarehe, kisha muulize mwenye navyo kabla ya kugawa. Usiguse cha mtu bila ruhusa yake. Na kitenge cha marehemu mama kisihesabiwe kuwa takataka, hata kama hakivaliwi. Kitafutie mahali pake.

Uani kunahitaji Safisha kuliko sebuleni. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi na anayeuma mchana, huzaliana kwenye ndoo, matairi na visahani vya maua, na Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mayai yake hung’ang’ania ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi: kila wiki sugua chombo kwa brashi, na kile cha kuhifadhia maji kifunikwe.

Kinachowashinda wengi ni Shikilia. Pangeni dakika chache baada ya chakula cha usiku, kila mmoja arudishe alichotumia, baba akiwemo. Na ikiwa nyumba imepangika lakini usingizi hauji, hamu ya kula imepotea au huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, nenda kituo cha afya umweleze mtoa huduma. Hiyo ni hali inayotibika, na haitokani na uvivu wako wala na kabati lako.