Dagaa wa Kibirizi kwenye R: anza na histogramu

Wanafunzi na maafisa uvuvi wanaoniletea data za mialo ya Kigoma, kama Kibirizi, yaani vituo ambako vyombo hushusha samaki, wengi huanza na swali moja: chati ya duara inachorwaje? Nawaambia waiache kwanza. Ukiwa na safu ya kilo za dagaa kwa kila chombo kila usiku, chora histogramu, yaani grafu ya nguzo zinazoonyesha ni safari ngapi zilileta kilo kiasi gani, kabla ya kitu kingine chochote, maana wastani peke yake utakudanganya mchana kweupe.

Sababu iko ziwani. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hizo hazifui dafu. Data ya mwezi mzima basi huchanganya usiku wa giza wenye kilo nyingi na usiku wa mwanga wenye kilo kiduchu. Wastani unaangukia katikati, kwenye kiasi ambacho huenda hakuna chombo kilichorudi nacho. Histogramu itakuonyesha vilima viwili.

Natumia R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa kuandika amri, kwa kuwa ni ya bure, na ukishaisakinisha haikudai bando.

d <- read.csv("kibirizi.csv")
str(d)
hist(d$kilo, breaks = 20, main = "", xlab = "Kilo kwa usiku", ylab = "Idadi ya safari")

Usiiruke str, amri inayoonyesha kila safu ina aina gani ya data. Karani wa mwalo akiandika "beseni 3" kwenye kisanduku kimoja tu, R huichukua safu nzima kuwa maandishi, na hist inagoma. Hiyo afadhali, walau inapiga kelele. Hatari ni kisanduku kitupu: R hukisoma kama NA (alama yake ya data isiyopo) na hist hukitupa kimyakimya. Je, chombo hakikutoka, au kilitoka kikarudi kitupu? Kama kilirudi kitupu, hiyo ni sifuri na iandikwe sifuri, la sivyo grafu yako itawapa wavuvi neema wasiyoipata. Jibu halimo kwenye kompyuta. Nenda mwaloni ukamuulize karani.

Kuhusu breaks, yaani idadi ya madaraja au nguzo za histogramu: usipoiandika, R hufuata kanuni ya Sturges ya mwaka 1926, ambayo kwa safari 200 hutoa madaraja 9 hivi. Ni machache, na vilima viwili vinaweza kumezwa vikawa kimoja. Jaribu 10, 20, hata 40. Usishangae ukitaka 20 ukapata 18 au 22, kwani R huichukua namba hiyo kama pendekezo tu na kutafuta mipaka yenye namba rahisi kusomeka.

Ukitaka kulinganisha miezi, tumia boxplot(kilo ~ mwezi, data = d), inayochora mtawanyiko wa kilo za kila mwezi. Hapo Kiswahili chetu kinaleta kituko: R hupanga kwa alfabeti, kwa hiyo mwaka unaanza Agosti, unafuata Aprili, kisha Desemba. Ipe mpangilio mwenyewe kwanza:

miezi <- c("Januari", "Februari", "Machi", "Aprili", "Mei", "Juni", "Julai", "Agosti", "Septemba", "Oktoba", "Novemba", "Desemba")
d$mwezi <- factor(d$mwezi, levels = miezi)

Grafu ya mstari ina mtego wake, hasa kwa data ya 2024. Uvuvi upande wetu wa ziwa ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Kama jedwali lako la jumla za kila mwezi halina kabisa mistari ya Juni na Julai, R itavuta mstari kutoka Mei hadi Agosti kana kwamba dagaa waliendelea kupakuliwa. Ongeza miezi hiyo ukiweka NA; mstari utakatika panapostahili. Hapa usiweke sifuri, maana hakuna aliyetupa wavu akakosa.

Kuhifadhi ni kazi ya mistari miwili, mmoja juu ya amri ya kuchora na mwingine chini yake:

png("dagaa.png", width = 1600, height = 1000, res = 200)
dev.off()

Wengi husahau dev.off(), kisha wanalalamika kwamba picha haifunguki.