Madamu wa maternele ni mfanyakazi, hata kama hakusaini karatasi

Kila Julai, masomo yakifungwa, walimu wa maternele (shule za watoto wadogo) na krechi za binafsi za Lubumbashi wanaanza kuleta kwa inspekta wa kazi lalamiko lilelile: promota, yaani mwenye shule, amesema mshahara utarudi Septemba. Kisha wanaongeza wenyewe: "Sina haki, sikusaini kitu." Hilo si kweli, na linawaumiza kila mwaka.

Sheria ya Kazi ya Kongo namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016, inataka kontra (mkataba wa kazi) iandikwe. Isipoandikwa, inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo, mpaka kinyume kithibitishwe, na mfanyakazi anaweza kuionyesha kwa njia yoyote: daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, ushahidi wa wazazi. Anayebanwa na ukosefu wa karatasi ni promota. Majaribio nayo lazima yaandikwe, na hayapiti miezi 6.

Wengine wanasainisha kontra ya Septemba hadi Juni, mwaka baada ya mwaka. Ya kwanza inapita, ya pili pia. Ya tatu, kwa mwajiri yuleyule, inageuka ya muda usio na kikomo. Sheria haiweki kikomo hicho kwa kazi za msimu, lakini promota anayetaka kuita maternele kazi ya msimu ajiandae kulieleza mbele ya hakimu. Tunajua minervali (karo ya shule) haiingii Agosti. Hata hivyo kontra haivunjiki kwa sababu hiyo peke yake: kuachisha kazi kunataka sababu halali na preavisi (taarifa ya mapema) ya siku 14 za kazi, kuongeza siku 7 kwa kila mwaka uliotimia. Mwenye miaka 4 anadai siku 42.

Kuhusu masaa: mwisho ni 9 kwa siku na 45 kwa juma. Madamu anayepokea watoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kumngoja mzazi wa mwisho hadi saa kumi na nusu jioni amefanya masaa 10. Kwa siku tano ni 50. Kumlinda mtoto anayengoja mama yake ni kazi, siyo msaada. Masaa 6 ya kwanza ya ziada yanaongezwa 30%, yanayofuata 60%, ya siku ya mapumziko 100%. Mshahara wa franka 390.000 ukigawa kwa masaa 195 ya mwezi ni 2.000 kwa saa. Masaa yale 5 ni franka 13.000 kila juma.

CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inachukua 18% ya mshahara: promota 13, mfanyakazi 5. Asilimia 5 ikikatwa, uliza ofisi ya CNSS kama jina lako limeandikishwa. Kukatwa tu hakutoshi.

Madai hayaendi moja kwa moja mahakamani. Kwanza ni inspekta wa kazi: unaeleza madai, anaita pande zote mbili, anajaribu kuwapatanisha, kisha anaandika proseverbali, yaani ripoti rasmi ya kikao. Mkipatana, inapelekwa kwa hakimu ipewe nguvu ya kutekelezwa. Msipopatana, ndiyo inayofungua mlango wa mahakama ya kazi. Msichelewe: madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa, mengine mengi baada ya miaka 3. Mje na orodha ya miezi isiyolipwa, kila mmoja na kiasi chake, na jina kamili la promota. Jina la shule peke yake halitoshi kumwita mtu.